Familia Tuliyomwandalia Mwizi

Nimo edani. Navaa nyeupe, sitoki nje ya ua, na wanawake wa bulla yetu, yaani mtaa wetu, wanakuja kunikalia, wanakunywa chai yangu na kuniambia nisubiri. Nisubiri nini? Abdinasir alizikwa asubuhi kabla jua halijawa kali, na adhuhuri watu walikuwa wanakula hapa uani huku wakiongea habari za mvua na malisho. Siwalaumu, ndivyo tulivyo. Lakini mwanamke akifungiwa ndani na mumewe hayupo, hana kazi nyingine ila kukumbuka, na mimi kila nikikumbuka najikuta kwenye mwaka mmoja tu, mwaka wa kile chumba cha nyuma ya ghala, mwaka niliokuwa nangoja kitambulisho. Nilizaliwa wapi, nililelewa vipi, baba alikuwa mtu wa namna gani, hayo nitayaruka. Jina langu na la baba yangu na la babu yangu yameshanitia taabu ya kutosha, na leo nitayaandika mara moja tu inapobidi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kusoma kompyuta kwenye chuo kidogo pale mjini Garissa, na nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kusomeshwa nje ya nchi. Wafadhili hawakutaka kitu kwangu ila pasipoti. Pasipoti haitoki bila kitambulisho. Na kitambulisho, kwa msichana wa Kisomali wa kwetu, hakitoki kwa kujaza fomu na kubonyeza vidole kwenye wino kama wanavyofanya huko Kenya. Ndiyo, tulisema hivyo, "huko Kenya", tukimaanisha Nairobi na kwingine kote ng'ambo ya daraja la Tana, na hakuna aliyeona ajabu. Sisi tunapigwa msasa kwanza. Unakaa mbele ya kamati ya wazee na maofisa, unaulizwa ukoo, unaulizwa chifu, unaulizwa babu yako alikuwa ananywesha ngamia kisima gani. Siku yangu ya kwenda mbele ya kamati ilikuwa bado haijafika. Katika kungoja huko ndipo nikapata kazi.

Chumba chenyewe kilikuwa kibaya. Kilikuwa nyuma ya ghala la shirika moja la misaada, na dirishani uliona magunia ya mtama yamepangwa mpaka darini. Kulikuwa na feni mbili, moja inazunguka na nyingine inatuangalia tu. Juu ya paa kulikuwa na dishi la setilaiti, na korongo wa Garissa, wale wakubwa wenye vichwa vya upara, waliamua kwamba dishi limewekwa kwa ajili yao. Mtandao ukikatika, Mhandisi Mutiso alitoka na ufagio kwenda kuwatukana. Mutiso alikuwa mkuu wetu, Mkamba mpole mwenye kitambi, aliyeletwa kutoka Nairobi na joto likamvunja moyo tangu wiki ya kwanza. Wa pili alikuwa Abdinasir, kijana mrefu wa kijiji cha Kotile, fundi wa kompyuta, mwenye sauti ya chini na macho yanayocheka kabla ya mdomo. Wa tatu nilikuwa mimi, wa kuchapa na kusoma na kuambiwa nyamaza.

Shirika lilikuwa linagawa chakula kambini Dadaab, na daftari la wakimbizi wanaopewa mgao lilikuwa kwenye seva yao. Kuna watu walikuwa wanajaribu kuivunja seva hiyo kupitia mtandao, kila siku, na hakuna aliyejua ni kina nani wala wanatafuta nini. Ndipo wakaanzisha mradi wetu. Seva ya kweli ilikuwa kwingine, imefungwa vizuri. Yetu ilikuwa ya uongo. Kwa nje ilifanana na ile ya kweli, lakini mlango wake tuliuacha karibu wazi, kwa neno la siri la kipumbavu, na ndani yake kukawa na mtambo wa kunasa kila kitu ambacho mwizi angeandika, kila amri, kila kosa, kila alichofuta. Hatukukusudia kumkamata. Tulikusudia kumsoma, tujue anaingiaje, anapekua nini na anaondoka vipi, ili ile ya kweli ilindwe. Kazi hiyo ilikuwa siri. Hata wafanyakazi wengi wa shirika lenyewe hawakujua kwamba nyuma ya ghala lao kuna seva ya namna hiyo.

Abdinasir ndiye aliyeipa jina. Tulikuwa tunakula adhuhuri, sinia moja, wali na nyama ya mbuzi, na Mutiso ameshika ndizi mbivu kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe.

"Sasa nyinyi, hii ndizi inafanya nini kwa wali?"

"Mhandisi, kula kwanza," Abdinasir akasema. "Ukimaliza ndiyo utauliza."

Mutiso akala, akachukua ndizi nyingine. Tulicheka sana. Halafu Abdinasir akamweleza habari ya ngamia. Ndama akifa, alisema, mama yake hukataa kuteremsha maziwa. Basi wafugaji huchuna ile ngozi ya ndama, wakaijaza majani makavu na kumwekea mama karibu. Ananusa, anasikia harufu ya mwanawe, anaachia maziwa. Ngozi hiyo kwa Kisomali huitwa maqaarsaar. "Seva yetu ndiyo hiyo," akasema. "Tunampa mwizi ngozi anuse." Mutiso akapenda, na tangu siku ile tukaiita Maqaar.

Ila ngozi lazima iwe na harufu ya ndama mwenyewe, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Seva ya mgao bila majina ya watu ni sanduku tupu. Mutiso akatengeneza programu ya kuchanganya majina ya Kisomali kibahatinasibu, akatuletea ukurasa mzima akiwa na furaha yake. Abdinasir alisoma mstari wa kwanza, akaweka kichwa mezani, akacheka mpaka akakohoa. Jina la kwanza lilikuwa Barre Fatuma Halima. Yaani mwanamume ambaye baba yake ni Fatuma na babu yake ni Halima.

"Kwani iko nini?" Mutiso akauliza. "Si ni majina ya huku?"

"Mhandisi, wallahi, hata mbuzi atajua huyu si mtu."

Mutiso hakuelewa, na ukimtazama unamwonea huruma, kwa sababu kwao jina la pili ni jina tu. Kwetu jina la kwanza ni lako, la pili ni la baba na la tatu ni la babu, na ukiendelea kupanda unafika kwa mzee wa ukoo, na mtoto wa miaka saba anakutajia wote bila kushika pumzi. Majina matatu ni kama kumwonyesha mtu mlango wa nyumba yako. La kwanza unaweza kulizua. Lakini utamzuliaje mtu baba na babu, na wale wawili wawe wamewahi kuishi pamoja, ukoo mmoja, upande mmoja wa nchi? Msomali yeyote akisoma atanusa uongo, na Mutiso alishuku kwamba wezi wengine walikuwa watu wetu wenyewe, wafanyabiashara wa kadi za mgao. Basi Abdinasir akasema atayaandika yeye. Na Abdinasir hakuweza kuzua. Nadhani hakuna mmoja wetu ambaye angeweza. Alikaa pale siku nyingi akinong'ona nasaba, kidole kikigonga meza, akaandika watu wa kweli. Aliandika wafu. Alimwambia Mutiso, "Nimeandika marehemu tu. Marehemu hana shida na mtu." Hakufikiri, na mimi sikufikiri, kwamba kwetu wafu hawapumzishwi majina yao. Babu akifa, mjukuu hupewa jina lake, na nasaba inajirudia neno kwa neno.

Mimi nilipewa kazi ya kupitia orodha nione kama inasomeka kama ya kambini. Ilisomeka: kila familia ilikuwa na bloku yake, yaani mtaa wake kambini. Watu wote walikuwa wamezaliwa Januari mosi, kama wanavyoandikiwa wakimbizi wasiojua tarehe zao, na hapo niligonga meza kwa kumsifu. Nikaendelea kushuka. Katikati ya wafu nikakuta familia moja ya watu watatu. Mume, Abdinasir Hassan Gedi. Mke, Sahra Abdi Warsame. Mtoto wa kike, Hodan.

Mke huyo ni mimi.

Nilikuwa nimetaja jina la Hodan mara moja tu, kwenye sinia, Mutiso alipotuuliza kila mmoja angemwitaje binti yake. Sikujua kama Abdinasir alisikia, maana alikuwa anapigana na mfupa. Nilisoma majina yale, sikutazama kingine, nikahisi masikio yanawaka. Niligeuka. Alikuwa anajifanya anafunga nyaya, na mgongo wake wote ulikuwa unanisikiliza. Ndivyo nilivyoposwa. Wenzangu waliletewa wazee na kahawa na ubani, mimi niliposwa ndani ya mtego wa wezi, na wallahi nilifurahi kuliko siku yoyote niliyowahi kuiona.

"Toa," nikamwambia kwa Kisomali, nikijikaza nisicheke.

"Nitatoa. Lakini umesoma?"

"Nimesoma. Toa."

Hakuwahi. Mutiso alikuwa ameshaichukua ile orodha na kuiweka ndani ya Maqaar, na sheria ya kazi ile ilikuwa moja: mtego ukishategwa hauguswi. Ukibadilisha faili moja, tarehe yake inabadilika, na mwizi mwerevu atajua kuna mtu humo ndani. Abdinasir alimwomba kwa kuzungukazunguka, bila kusema sababu, kwa aibu. Mutiso akasema, "Ndugu yangu, ni majina ya uongo, yanakuuma nini?" Abdinasir akarudi kwenye nyaya zake. Kama angesema neno moja tu, "Mhandisi, huyu ni Sahra." Neno moja! Lakini kijana wa Kotile hamwambii bosi wake mambo ya moyo, na mimi msichana ndiyo kabisa.

Kwa muda mrefu waliokuja walikuwa mashine tu. Zilibisha hodi usiku na mchana kutoka pembe zote za dunia, zikijaribu maneno ya siri ovyo ovyo, zikiingia, zikiona si kitu, zikiondoka. Abdinasir aliziita nzi. Halafu siku moja, sinia bado halijafika na adhana ya adhuhuri iko karibu, akaniita. "Abaayo, dada yangu, njoo uone. Huyu si nzi." Kwenye skrini herufi zilikuwa zinatokea moja moja. Zikasimama. Mbili zikafutwa. Zikaanza tena.

"Anafikiri," nikasema.

"Anafikiri," akasema. "Ni mtu."

Siwezi kueleza ilivyokuwa kumtazama mtu asiyejua anatazamwa. Alikuwa mpole. Alifungua faili, akalifunga, akarudi nyuma. Abdinasir akambatiza Marti, yaani mgeni, na ikawa kila siku tunamngoja Marti kama ndugu anayechelewa kula. Tulijua saa anazopenda, tulijua anavyokosea akiwa na haraka. Mutiso aliandika ripoti mpaka vidole vikamuuma, na wakubwa wake Nairobi wakamsifu. Na siku moja Marti akaifikia orodha ya majina. Akaifungua. Akakaa kimya, nadhani anasoma, na mimi nikajua kwamba mahali fulani duniani kuna mtu anatusoma mimi na Abdinasir na mtoto wetu ambaye hajazaliwa. Akaanza kuinakili.

"Mhandisi," Abdinasir akasema, amesimama, "tukate laini."

"Tukate kwa nini? Hii ndiyo siku tulikuwa tunangoja! Wacha abebe. Ni uongo yote."

Akabeba. Hakurudi tena. Mwaka haukwisha kabla mradi haujafungwa. Mutiso akaenda zake kufanya kazi ughaibuni, shirika likang'oa dishi, na korongo wakahamia kwingine.

Siku yangu ya kamati ilipofika nilijibu yote. Nilitaja nasaba mpaka mzee mmoja akatabasamu. Nikaambiwa rudi baadaye. Nikarudi. Faili linashughulikiwa. Nikarudi tena na tena, mpaka askari wa mlangoni akawa ananiamkia kwa jina. Hakuna aliyenipa sababu. Nafasi ya masomo ikapewa mtu mwingine, na sikulia siku ile, nililia miaka mingine, nikiwa nafua nguo au nachuja chai, bila kujua kwa nini leo na si jana. Abdinasir akaleta wazee, tukaoana. Tukapata mtoto wa kike na tukamwita Hodan, tungemwitaje tena?

Hodan alikuwa ameshaanza shule nilipokutana na karani mmoja wa vitambulisho mwenye huruma. Alinigeuzia skrini, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, wewe ni mkimbizi. Una mume na mtoto kambini na unakula mgao. Hatuwezi kukupa." Niliona jina langu. Sijui orodha ile ilipita mikono ya nani na nani tangu Marti aichukue, iliuzwa wapi, na nani aliiokota akadhani ni ya kweli akaileta serikalini. Najua tu kwamba ilirudi nyumbani. Tulifanya kazi nzuri sana. Tulitaka mtu asitambue kwamba ni ya uongo, na hakuna aliyetambua.

Abdinasir alikwenda ofisini siku iliyofuata, yeye aliyekuwa na kitambulisho tangu zamani na hakuna aliyemuuliza kitu. Akasema, mimi ndiye niliyeandika majina hayo kwa mkono wangu, yalikuwa mtego. Wakamuuliza, kwa hiyo umeghushi daftari la wakimbizi? Akasema hapana, ilikuwa kazi. Kazi ya nani? Shirika likajibu kwamba halina kumbukumbu ya seva ya namna hiyo, na labda ni kweli hawana, kwa sababu ilikuwa siri. Mutiso alituandikia mara moja kwamba anasikitika, kisha akanyamaza. Lakini Abdinasir hakuchoka. Kila kamati ilipokaa alikwenda, akasimama, akaeleza habari ya ngozi ya ndama kwa watu wapya wasiojua kompyuta, wakamsikiliza wakidhani amepungukiwa akili. Jamaa zake wa Kotile waliopewa majina ya wale marehemu nao walikuja kumlilia. Aliwasindikiza mmoja mmoja. Alizeeka kwenye mabenchi yale. Nilimpenda na sikumsamehe, vyote viwili, na alijua, na kila asubuhi alinipikia chai yeye mwenyewe na kuniletea kitandani, mwanamume wa Kisomali, watu wakamcheka.

Kuhusu Hodan hatukuwa na hofu. Mtoto wa kwenye mtego alikuwa ameandikwa kabla hata hatujaoana, binti yangu alizaliwa baadaye, hospitali, ana cheti. "Huyo hawawezi kumgusa," Abdinasir alikuwa akisema. "Na wakijaribu, mimi nipo." Alisema hivyo mpaka kifua kilipomzidi.

Mwaka huu Hodan ametimiza umri. Ana nafasi ya uuguzi, na chuo kinataka kitambulisho. Jana ilikuwa siku yake ya kamati, na kwa kuwa mimi nimo edani alikwenda na binamu yake. Alirudi alasiri, wanawake wakiwa wamejaa mkekani. Hakuvua viatu. Alisimama mlangoni na bahasha ya vyeti kifuani.

"Hooyo, wamesema nimo," akasema. Hooyo ni mama, na kwetu mama naye humwita mwanawe hivyo hivyo.

"Umo wapi?"

"Kambini. Nikawaonyesha cheti cha kuzaliwa. Mama mmoja wa kamati akasema nyinyi tarehe zenu zote ni Januari mosi, cheti kinanunuliwa. Akasema niende na baba, athibitishe. Nikamwambia baba amefariki. Nikampa cheti cha kifo. Akaangalia kompyuta, akaangalia cheti, akasema hiki ni cha mtu mwingine. Baba yako yuko hai, akasema. Yuko kambini na mama yako na wewe. Nenda ukamtafute huko."

Wanawake walianza kusema inna lillahi, mmoja akaanza kulaani serikali, mwingine akamvuta Hodan akae. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Najua hakuna mtu huko. Ni mimi niliyeipitia orodha ile mstari kwa mstari nikaisifu. Lakini kwenye mstari wetu sikutazama kitu kingine siku ile, nilisoma majina tu.

"Hooyo," nikamwambia binti yangu, "wamekwambia yuko bloku gani?"